Fundi Wetu Ameondoka, Maji Yasiondoke

Maneno haya yalisemwa na binti wa marehemu kwenye chakula cha jioni cha harambee ya wana-Usangi waishio Dar es Salaam. Kamati imeyachapa kwa ombi la wanachama.



Kamati iliponipigia simu kuniomba niseme machache juu ya baba, nilipewa dakika kumi. Mama alipoambiwa alicheka. Alisema, "Dakika kumi baba yako alikuwa hajamaliza kutafuta miwani." Kwa hiyo nikizidisha kidogo mnivumilie, na Mwenyekiti asigonge meza.

Wengi wenu mlimwita Babu Fundi. Watoto wa shule ya msingi pale kijijini walidhani hilo ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Mimi ni mtoto wake wa pili kati ya saba. Wasifu wake ulisomwa siku ya maziko na wengi wenu mlikuwepo, maana magari yalijaa mpaka njia ya kwenda sokoni. Mungu awalipe. Usiku huu sitausoma tena. Nataka kusema alikuwa fundi wa namna gani, na kwa nini harambee ya mwaka huu haijengi jengo.

Alikotoka

Baba alizaliwa mwaka 1945, mwaka ule wazee wetu walipoteremka kwa maelfu kwenda Same kuikataa kodi ya mbiru. Bibi alimwambia kwamba babu yetu alikuwa Same siku alipozaliwa. Baba alipenda sana habari hiyo. Mtu akimbishia kwa muda mrefu alisema, "Mimi nimezaliwa kwenye kesi, usinichoshe." Watani wanasema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Hapo hatubishani nao sana.

Ufundi kwetu si jambo la juzi. Milima yetu ilijulikana kwa chuma kabla ya reli na kabla ya duka la kwanza. Wahunzi wa Ugweno, ukoo wa Washana, walifua majembe na mikuki, na majirani wa Kilimanjaro walikuja kununua. Nasi sote tumekua tukiziona ndiva. Wazee walijenga ukuta wa mawe na udongo, maji yakakusanywa usiku kucha, asubuhi yakafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Hakuna aliyewaletea mchoro. Baba alikulia kwenye ndiva ya ukoo. Kazi yake ya utotoni, kama ya watoto wengi wa rika lake, ilikuwa kuamka alfajiri na kwenda kuangalia kama kuna aliyefungua maji kabla ya zamu yake.

Alipofika darasa la nne karo ilikwisha. Akiwa kijana wa miaka kumi na minane aliteremka bondeni kutafuta kazi kwenye mkonge. Wakati huo mkonge ulikuwa mfalme. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani laki mbili kwa mwaka, na bonde lote kutoka Tanga mpaka kwetu lilinuka singa mbichi. Baba alianza kwa kuanika singa juani. Mikono ilimwasha mpaka akashindwa kushika kijiko. Lakini macho yake yalikuwa kwenye korona, ile mashine inayoponda majani na kuyaparua mpaka zibaki singa tupu. Korona hunywa maji mengi. Kwa hiyo palipo na korona pana pampu, pana mabomba, na pana fundi anayetukanwa pampu ikisimama.

Baba akaomba awe saidia fundi. Alibeba sanduku la spana kwa miaka mitatu bila kuruhusiwa kufungua nati. Alisema ile miaka mitatu ndiyo iliyomfundisha, kwa sababu hakuwa na la kufanya ila kutazama. Kwenye karakana ile alijifunza kuchonga uzi kwenye bomba la chuma na kuzungushia katani yenye rangi kabla ya kukaza, ili kiungo kisivuje. Hata utepe mweupe wa plastiki ulipojaa madukani, yeye aliendelea na katani yake. Alisema, "Hii nimeianika mwenyewe, naijua."

Nyuzi za plastiki zilipoanza kushika soko la dunia, bei ya mkonge ilianguka na kazi zikapungua. Baba akapanda mlima na mke, watoto wawili, na sanduku la mbao lenye spana ya bomba, tindo mbili, msumeno, pimamaji, na jiriwa aliyopewa na fundi wake badala ya mshahara wa mwezi mmoja. Huo ndio mtaji wote aliorudi nao nyumbani.

Nyumbani kwake

Nyumba yetu mnaijua. Upande wa kulia kuna kibanda cha bati ambacho mama alikiita ofisi kwa kumtania, halafu kijiji kizima kikakiita ofisi kweli. Mlikuja pale na cherehani zisizoshona, redio zinazokoroma, mashine za kumenyea kahawa zinazovunja punje, baiskeli, taa, vitasa, sufuria zilizotoboka. Kuna wiki moja aliyotengeneza bawaba za mlango wa msikiti na benchi sita za kanisa. Siku ya mazishi shehe na mchungaji walibishana kwa upole nani aseme kwanza habari zake.

Watani wanatuita wabahili, na baba aliwapa ushahidi wa kutosha. Msumari uliopinda haukutupwa kwetu. Uliingia kwenye kopo la maziwa ya unga, na jioni sisi watoto tulikaa chini tukainyoosha misumari juu ya jiwe, mmoja mmoja, mpaka ugali uive. Mpira wa ndani wa gurudumu la gari ulikatwa washa za koki. Ndala iliyokwisha ilikatwa washa za koki. Mgeni aliyeacha ndala mlangoni kwetu alishauriwa aziweke mahali pa kuonekana.

Lakini ubahili wake ulikuwa wa vitu. Kwa watu hakuwa bahili. Kulikuwa na mtoto jirani yetu ambaye mguu wake mmoja haukukua sawasawa. Baba alimtengenezea magongo mawili ya mti wa mgrevilea, akatoboa matundu na kutia parafujo ili yaweze kurefushwa. Kila Januari, shule zilipofunguliwa, mtoto yule aliitwa ofisini akasimamishwa ukutani, akapimwa, na magongo yakapandishwa tundu moja. Kila mwaka, kwa miaka tisa. Hakuna aliyemkumbusha. Leo mtoto yule ni mtu mzima, ana kibanda cha ushonaji, na yupo hapa ukumbini. Sitamtaja ili nisimwaibishe, lakini suti nzuri kuliko zote mezani kwenu ni ya kwake mwenyewe.

Alikuwa na sharti moja lililowaudhi wengi. Ukileta kitu, hukuruhusiwa kukiacha na kuondoka. "Kaa hapa uone kilivyoharibika." Wewe una haraka ya kuwahi basi la Mwanga, yeye anakuonyesha jino lililolika kwenye gia ya mashine ya kahawa, na anakuuliza unadhani kwa nini limelika upande mmoja tu. Ukijibu vibaya anakuuliza tena. Mama mmoja aliwahi kumwambia, "Babu Fundi, mimi nimekuja kutengenezewa, sikuja shule." Baba akamjibu, "Basi utarudi mwezi ujao." Na kweli alirudi.

Sisi mabinti zake hakutuacha nje. Mimi ndiye niliyemshikia tochi tangu nikiwa darasa la tatu. Watu walipomwambia kwamba mtoto wa kike hashiki spana, aliwauliza nani anayechota maji nyumbani kwao. Walipojibu kwamba ni watoto wa kike, alisema, "Basi mwenye shida ndiye ajue dawa."

Na kwa kuwa niliahidi kusema ukweli, niseme na hili. Koki ya jikoni kwetu ilivuja miaka miwili. Mama aliifunga kitambaa. Kila alipomkumbusha, baba alisema kesho, na kesho ilipofika kulikuwa na mtu mlangoni. Kinyozi hajinyoi. Siku moja mama alichukua beseni, akajitwisha, akazunguka nyumba, akapiga hodi ofisini kama mteja. "Fundi, nina koki inavuja." Baba akamkaribisha, akaitengeneza siku hiyo hiyo, na mama akamlipa kwa kikombe cha chai.

Bomba la kijiji

Sasa nifike kwenye jambo lililotuleta.

Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji safi, yasizidi mita 400 kutoka kwake. Bomba letu ni mtoto wa miaka hiyo. Wataalamu walipima, serikali ikaleta mabomba, na sisi tukachimba kwa msaragambo. Kila kaya ilipewa kipande chake cha mtaro. Wazee mliopo hapa mnakumbuka mwenyekiti wa kijiji akipita na fimbo kupima kina, na aliyekwepa akipelekewa watu wa kumtoa ndani.

Ni maji ya mserereko. Hayana pampu wala umeme. Yanadakwa juu msituni, yanapita kwenye chujio, yanaingia tangi la kwanza, halafu yanateremka kwa uzito wake mwenyewe. Baba aliwaeleza watoto wa shule hivi: kila mita 10 za mteremko, maji yanaongeza mgandamizo wa karibu kilo moja kwenye kila sentimita ya mraba. Ukiyaachia mita 100 bila kuyapumzisha, yanasukuma kwa kilo kumi, na hapo kiungo dhaifu kitapasuka. Ndiyo maana kuna matangi ya katikati. Hayapo kwa ajili ya kuhifadhi maji, yapo ili maji yapumzike na kuanza safari upya. Watu walioona tangi la katikati halijai walisema limejengwa vibaya. Baba alisema limejengwa vizuri kuliko nyumba zao.

Wataalamu walipoondoka, baba ndiye aliyebaki. Hakuajiriwa. Alikuwa ameshika spana wakati wa kujenga, basi bomba likiharibika aliitwa yeye. Miaka ikapita. Mchoro wa bomba uliokuwa ofisi ya kijiji ulinyeshewa ukaharibika. Vifuniko vya valvu vilifukiwa na udongo, vingine vikaota nyasi, kimoja kikajengewa banda la mbuzi juu yake. Hakuna aliyejali, kwa kuwa Babu Fundi alijua. Alitembea na fimbo, anasimama mahali, anagonga chini mara tatu, anasema chimbeni hapa. Wanachimba, wanakuta.

Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilisema wazi kwamba mradi wa maji wa kijijini ni wa watumiaji wenyewe, nao ndio wataundesha na kuutengeneza. Mwaka 2019 ikaanzishwa RUWASA, na vyombo vya watumia maji vikasimamiwa upya. Karatasi zote hizo zinasema mradi uwe na fundi, uwe na akiba ya vipuri, na uwe na mchango wa kila mwezi. Kijijini kwetu mchango wa kila mwezi ulipangwa, ukalipwa miezi michache, ukafifia. Kwa nini watu walipe wakati maji yanatoka? Na yalitoka kwa sababu mzee wa zaidi ya miaka 70 alipanda msituni kila baada ya mvua kubwa kusafisha dakio kwa mikono yake.

Malipo yake mnayajua, maana mlimlipa ninyi: mkungu wa ndizi, kibaba cha maharage, na "Mungu akubariki, Babu." Alipokea yote kwa furaha. Lakini mara tatu, kwenye mikutano mitatu ya kijiji, alisimama akaomba apewe vijana wawili awafundishe. Mara zote vijana walipatikana. Wa kwanza walikaa naye miezi minne, wakaenda Arusha. Wa pili mmoja akanunua bodaboda kwa mkopo, mwingine akaja hapa Dar. Wa tatu sijui kama waliwahi kufika hata dakio. Hawakuwa wavivu. Kijana wa miaka ishirini na miwili anayetaka kuoa hawezi kuishi kwa mkungu wa ndizi na baraka.

Hili ndilo ninalotaka tulibebe kutoka hapa. Ukarimu wa baba uliificha bei ya maji. Tulipata kwa bure kitu ambacho si cha bure, na kwa kuwa hakikuwa na bei, hapakuwa na nafasi ya kazi ya kumrithisha mtu. Yeye mwenyewe alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Tukimsemea "usipoziba ufa utajenga ukuta", alikuwa anaongeza, "na ukuta nao utapata ufa, sasa nani ataziba?"

Siku kumi na tisa

Baba alifariki mwezi wa tisa mwaka jana, akiwa amelala, baada ya ugonjwa mfupi. Mvua za vuli zilipoanza, majani na mchanga viliziba dakio. Vijana wa kijiji walipanda msituni, wakazoa takataka, wakasafisha chujio, wakayaona maji yanaingia kwenye bomba kwa nguvu. Wakateremka wakishangilia. Kwenye koki hakukutoka hata tone.

Wakasubiri siku nzima. Siku ya pili wakasema bomba limepasuka mahali. Wakaanza kuchimba. Walichimba sehemu tatu, na sehemu ya tatu jembe likatoboa bomba la plastiki lililokuwa zima. Tangi la juu linafurika, chini pakavu. Siku tano, siku kumi. Watoto walitembea na vidumu kwenda mtoni kabla ya kwenda shule, wakafika wamechelewa na wamelowa. Zahanati ilibaki na ndoo. Jamaa wa mama mzazi walitakiwa kuja na maji yao pamoja na kanga na uji.

Siku ya kumi na sita mama alifungua mkebe wa majani ya chai uliokuwa juu ya kabati akitafuta sindano. Ndani alikuta daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma yake. Lilikuwa limeandikwa kwa penseli, mwandiko wa baba wa herufi kubwa kubwa. Kila ukurasa ulikuwa na valvu moja. Ukurasa wa saba uliandikwa hivi: "HEWA HUKAA MGONGONI. BOMBA LIKIKAUKA FUNGUA HII KWANZA. JAZA POLEPOLE. HATUA 42 KUTOKA MPARACHICHI."

Mafundi mlio hapa mmeshaelewa. Bomba likikauka, hewa huingia. Maji yakirudi kwa nguvu, hewa hukimbilia sehemu ya bomba iliyoinuka, inakaa pale kama kizibo, na maji hayapiti. Hapakuwa na kilichopasuka. Palitakiwa kufunguliwa valvu ndogo ya hewa pale mgongoni, hewa itoke, na maji yaachiwe taratibu kutoka juu.

Tatizo likawa mparachichi. Haukuwepo. Ulikatwa miaka mingi iliyopita, na mwenye shamba wa sasa hakuwa amezaliwa. Mama ndiye aliyekumbuka, kwa sababu aliwahi kuokota maparachichi pale akiwa na mimba ya mdogo wangu. Akapelekwa kwa bodaboda, akateremka, akatazama kushoto na kulia, akasema shina lilikuwa hapa. Wakahesabu hatua 42 za kijana mrefu, wakachimba, hakuna kitu. Mama akawaambia, "Mume wangu alikuwa mfupi." Wakarudia kwa hatua fupi. Jembe likagonga chuma.

Siku ya kumi na tisa, saa tisa alasiri, maji yalitoka, kwanza yakipiga chafya na kutema hewa, halafu mekundu, halafu safi. Niliambiwa kwa simu. Nyuma ya sauti ya mdogo wangu nilisikia kina mama wakipiga vigelegele kama harusini.

Ndugu zangu, nimewasimulia hayo si ili tulie. Tulikuwa na daftari, tulikuwa na mama, na tulikuwa na bahati kwamba baba alikuwa na hatua fupi na mke mwenye kumbukumbu. Mwaka ujao mvua itazoa majani tena. Na mama, Mungu amweke, anakaribia miaka 75.

Tunachoomba

Kila mwaka chama chetu kimejenga. Tumejenga madarasa, tumeezeka, tumenunua vitanda vya zahanati, na kila jengo lina kibao chenye tarehe na jina la mgeni rasmi. Ni kazi njema na tuendelee nayo. Mwaka huu kamati inaomba mchango ambao hautakuwa na kibao. Ni mambo manne.

La kwanza ni alama. Kila valvu, kila kiungo kikubwa na kila tangi liwekewe nguzo fupi ya zege yenye namba, isiyokatwa kama mparachichi. Daftari la baba linakiliwa vizuri na kuchorwa ramani. Nakala moja ikae ofisi ya kijiji, moja shuleni, moja kwenye ofisi ya RUWASA wilayani Mwanga, na moja kwetu hapa Dar.

La pili ni zana. Sisi watoto wake saba tumekubaliana kwamba sanduku la baba ni la kijiji, pamoja na jiriwa ile. Lakini dai la kuchongea uzi limelika na spana kubwa imechoka. Tunaomba seti moja kamili, stoo yenye kufuli, na kitabu cha kusaini anayechukua na anayerudisha. Pamoja nayo iwepo akiba ya vipuri: mabomba, viungo, koki na valvu. Washa tutakata wenyewe, ndala zipo.

La tatu ni vijana wawili, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, wasomeshwe ufundi bomba kwenye chuo cha VETA. Masharti yawe kwamba wamechaguliwa na mkutano wa kijiji, na kwamba wakimaliza wanarudi kwa mkataba.

La nne ndilo gumu, nalo halihitaji fedha zetu. Linahitaji simu zetu. Mafundi hao walipwe posho kila mwezi kutokana na mchango wa maji wa kila kaya. Chama kisiwalipe. Mchango wetu wa Dar ukikauka, nao wataondoka kama wale wa kwanza. Kila mmoja wetu ana mama, shangazi au kaka kule anayechota kwenye koki ile. Nawaomba kila mmoja ahakikishe kaya ya kwao inalipa. Mzee asiye na uwezo tumlipie sisi watoto wake, kwa jina lake, dirishani kama wengine, na apewe risiti. Asiwepo mtu mwenye koki ya upendeleo kwa sababu mwanawe yuko mjini.

Najua wapo watakaosema kwamba hii ni kidogo kwa mtu kama yule, kwamba tungempa jengo lenye jina lake. Tulilizungumza kama familia. Mama ndiye aliyemaliza mjadala. Alisema kama tunataka kuandika jina lake mahali, tuliandike kwenye nguzo namba saba. Basi itaandikwa.

Kadi za ahadi ziko mezani kwenu, na mweka hazina atapita. Anayeahidi vipuri badala ya fedha, orodha ipo mlangoni. Mafundi bomba mnaofanya kazi hapa mjini, ninyi tunawaomba likizo zenu: wiki moja ya msaragambo mwezi wa kumi na mbili, wakati wa kuweka nguzo. Chakula kitakuwa makande, na mama amesema hatapunguza maharage.

Kwa niaba ya mama, ndugu zangu na wajukuu kumi na tisa, tunawashukuru kwa kumpenda baba yetu akiwa hai na kwa kumsindikiza alipoondoka. Mungu amrehemu, na awabariki wote mtakaonyoosha mkono usiku huu.